Kucheza Sokoni, Stendi na Kivukoni: Mwongozo Kamili kwa Vikundi vya Sanaa

Vikundi vingi vya igizo, dansi na sarakasi vinalia na jambo moja: kumbi ni chache, na zilizopo kodi yake haishikiki. Ndipo mtu anasema, basi tutoke nje. Ni wazo zuri, ila likichukuliwa kama njia ya kukwepa kodi tu linaharibika mapema. Stendi ya daladala si ukumbi wa bure. Ni mahali pa kazi pa watu, pana wenyewe, pana ratiba na sheria zake ambazo hazikuandikwa popote. Mwongozo huu wote umesimama juu ya msimamo huo: kazi ya mahali pa wazi inatengenezwa kutokana na mahali penyewe, kwa ridhaa ya waliopo. Haibebwi kwenye begi ikaenda kumwagwa.

Wala si jambo geni kwetu. Mdundiko, ngoma ya Wazaramo, unapita mitaani ukiokota watu njiani. Beni za pwani, ngoma zilizoiga bendi za kijeshi, zilishindana barabarani Lamu, Mombasa na Tanga tangu enzi za ukoloni. Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila Julai kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, watu wanapigana kwa migomba uwanjani, kibanda cha makuti kinachomwa moto, na huwezi kusema nani mchezaji na nani mtazamaji. Kikundi cha leo kinachotaka kufanya kazi nje kina walimu wa karibu kabisa.

Hatua ya kwanza: kaa pale kwanza

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja, nendeni eneo mnalolitaka, wawili wawili, siku tofauti na saa tofauti, mkae. Nunueni chai kwa mama ntilie, msifanye kitu. Asubuhi ya Jumatatu na jioni ya Ijumaa stendi ileile ni sehemu mbili tofauti.

Chukueni karatasi mchore ramani. Kivuli kinaanguka wapi saa sita, na saa kumi kimehamia wapi? Watu husimama kivulini. Ukicheza juani, watakutazama kutoka mbali na duara halitafunga. Maji ya mvua yanatuama wapi? Jenereta iko wapi, na tangazo la dawa ya panya linaanza kupigwa saa ngapi? Msikiti uko umbali gani, adhana ya alasiri ni saa ngapi? Onesho lolote linaloweza kugongana na swala au na msiba lihamishwe saa bila mjadala.

Angalieni sana njia za mizigo. Sokoni, mbeba mzigo mwenye gunia mgongoni au mkokoteni uliojaa hasimami. Anasema "pisha, pisha" huku tayari yuko juu yako, kwa sababu akisimama, kuuanzisha tena ule uzito ni kazi ya pili. Njia yake ichoreni kwa wino mwekundu, na duara la watazamaji lisiiguse.

Kisha tafuteni wenye eneo. Kuna wenye vyeo, nao mnawajua. Wapo pia wasio na cheo: mpiga debe mkongwe, mama anayeuza mihogo pale tangu stendi ianze, kiongozi wa kijiwe cha bodaboda. Hao wakisema "hawa ni wageni wetu," mmelindwa. Wakinyamaza, kibali chenye mihuri yote hakitawasaidia sana.

Hatua ya pili: tengenezeni kazi ambayo mahali panaweza kuibeba

Mtazameni muuza dawa wa mtaani, yule mwenye spika ndogo na boksi lililofungwa kamba. Haanzi kwa kuuza. Anachora duara chini kwa chaki au kwa maji, anaweka boksi katikati, anasema ndani kuna nyoka. Anazunguka, anaongea na mtoto, analigusa boksi kama anayetaka kulifungua, anaghairi. Watu watano wanakuwa arobaini na nyoka hajaonekana. Somo ni kubwa: duara kwanza, ahadi moja ya wazi, na kitu katikati ambacho jicho haliwezi kukiacha. Maneno yanafuata baadaye, nayo ni machache.

Ndiyo maana igizo lenye mazungumzo marefu linakufa sokoni. Nusu ya sentensi inamezwa na honi, na aliyefika dakika ya saba hajui kilichosemwa dakika ya kwanza. Tengenezeni kitu ambacho mtu akikiona kwa dakika mbili tu kimempa kitu kamili, na akikaa dakika ishirini kimempa zaidi. Mwili, kurudiarudia tendo moja, vitu vya kawaida vilivyopangwa isivyo kawaida, wimbo mmoja wa kuitikia: hivyo vinasikika hata pasiposikika. Dakika 15 hadi 20 zinatosha.

Nitoe mfano kutoka kwenye kikundi chetu. Tulitaka kuzungumzia maji, tukaja na picha rahisi: wasanii wanapanga foleni, kila mmoja na dumu tupu la lita 20, foleni inasogea polepole kuelekea bomba ambalo halipo. Wa mbele akifika anageuka, anarudi nyuma, anaanza upya. Hakuna neno. Kwenye mazoezi mmoja wetu akauliza: mtu akija na dumu lake kweli je? Swali hilo lilibadilisha kazi. Foleni ya madumu katika mtaa wenye shida ya maji ni habari, na mtu atakayefunga genge lake akaja kusimama nyuma yetu atakuwa amedanganywa kwenye jambo linalomuuma. Tukaamua mtu wa mwisho kwenye foleni asiwe mchezaji. Awe msemaji. Kila anayesogea anaambiwa kwa sauti ya kawaida: "Mama, hapa hakuna maji, ni onesho. Ukitaka kusimama nasi karibu." Mama mmoja aliyeambiwa hivyo akajibu, "Nami nimesimama foleni maisha yangu yote," akaingia na ndoo yake ya kichwani, akazunguka nasi mpaka mwisho. Alikuwa mchezaji bora kuliko sisi sote, na alichagua mwenyewe.

Suala hili lina historia. Mbrazili Augusto Boal, akiwa uhamishoni Argentina miaka ya 1970, aliendeleza aina ya igizo ambalo watazamaji hawajui kama ni igizo: waigizaji wanakaa mgahawani kama wateja, wanazusha mabishano, na wateja wa kweli wanajikuta ndani ya hoja. Alikuwa na sababu. Chini ya tawala za kijeshi kuigiza waziwazi kulikuwa hatari. Kwetu mimi naona njia hiyo itumike mara chache sana, na pasiwe na mtu anayeondoka bila kuambiwa ukweli. Kuna vitu ambavyo havichezwi kwa siri hata siku moja: wizi, utekaji, moto, mtu kuanguka na kuzimia. Sokoni kwetu neno "mwizi" likipigwa kwa sauti linaweza kuua mtu kabla hujamaliza kueleza kuwa mlikuwa mnaigiza. Hata kwenye onesho lililotangazwa, msilitamke.

Kuhusu vyombo vya usafiri

Kivuko na daladala vinavutia kwa sababu watu wamekaa tayari. Hilohilo ndilo tatizo: hawawezi kuondoka. Aliyeko sokoni akichoka anakwenda zake. Aliyeko katikati ya maji kati ya Magogoni na Kigamboni, Dar es Salaam, amefungwa nanyi. Kazi ya humo iwe fupi, ya sauti ndogo, isimguse mtu, isiombe pesa. Kivuko hicho kina mwendeshaji wake, TEMESA, wakala wa serikali, na ruhusa iombwe huko kwa maandishi.

Jambo la usalama lisilo na mjadala: chomboni msifanye chochote kinachowafanya abiria wakimbilie upande mmoja kutazama. MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Septemba 2018, walikufa zaidi ya watu 200. Chombo cha majini hakivumilii umati unaohama. Kama kazi yenu inahitaji umati, subirini watu washuke.

Mkitaka kitu kinachotembea, kuna njia nyingine. Kampala, tamasha la KLA ART la 2014 liligeuza bodaboda kuwa kazi za sanaa, zikawafuata watu mitaani. Tena Dar es Salaam ina mikokoteni na baiskeli za matenga. Kitu kinachopita kinaonwa na watu wengi bila kumziba yeyote riziki.

Hatua ya tatu: karatasi

Hapa vijana wengi hukata tamaa, na hakuna haja. Anzeni chini mpande juu. Kwa Tanzania Bara: mwenyekiti na mtendaji wa serikali ya mtaa, mtendaji wa kata, afisa utamaduni wa halmashauri, halafu mwenye eneo hasa, yaani uongozi wa soko au wa stendi. Kikundi kiwe kimesajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya 1984. Bila usajili mtaulizwa swali lilelile kila mlango. Polisi wapewe taarifa ya maandishi. Sheria inataka taarifa ya mkusanyiko ifike si chini ya saa 48 kabla, lakini pelekeni wiki mbili kabla, mpate muda wa kurekebisha wakisema hapana.

Zanzibar, nendeni kwanza kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo, kisha BASSFU, baraza la sanaa, sensa ya filamu na utamaduni la huko. Mji Mkongwe upo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, hivyo kugusa kuta au kuning'iniza kitu kunahitaji ruhusa ya mamlaka ya uhifadhi wa mji. Na mkiwaza Forodhani jioni, kumbukeni pale pana wasanii tayari: vijana wa makachu wanaorukia baharini kutoka ukutani. Ongeeni nao kabla ya kuongea na ofisi yoyote. Kenya, taarifa kwa polisi inapaswa kuwa siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla, na bustani na mitaa ya mjini ina kaunti yake.

Barua iwe fupi, yenye vitu ambavyo afisa anaviogopa vikiwa vimejibiwa. Tunayotumia sisi inakwenda hivi:

"Sisi ni kikundi cha sanaa ______, usajili namba ______. Tunaomba ruhusa ya kufanya onesho la dakika 20 eneo la ______, upande wa ______, tarehe ______, saa 10:00 hadi 10:20 jioni. Wasanii ni 9. Hatutatumia moto, jukwaa wala spika. Hatutaziba njia ya magari wala ya waendao kwa miguu. Hatutakusanya fedha. Maudhui yameelezwa kwenye ukurasa wa pili. Msimamizi atakayekuwepo muda wote ni ______, simu ______. Ramani imeambatishwa."

Ile ramani mliyochora hatua ya kwanza ndiyo mnayoambatisha. Afisa akiiona njia ya mikokoteni imewekewa wino mwekundu anaelewa anaongea na watu gani. Nakala zote zipigwe muhuri wa kupokelewa, kila moja, na zikae kwenye mfuko wa plastiki.

Maudhui yaandikeni kama yalivyo. Kuficha kwenye barua kisha kufanya kingine uwanjani kunawaharibia vikundi vyote vitakavyokuja nyuma yenu.

Hatua ya nne: mazoezi ya wazi

Mwaka 1977 huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, Kenya, wanakijiji walijenga wenyewe jukwaa la wazi na kuigiza mchezo wa Kikuyu ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanywa mbele ya watu. Wakulima na vibarua wa viwandani waliokuja kutazama walisahihisha lugha na matendo. Serikali ilifuta kibali mwezi Novemba, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka ule, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Watu hukumbuka kufungwa na kubomolewa. Mimi ninayefanya kazi hii nakumbuka zaidi yale mazoezi. Siku ya onesho, kijiji kizima kilikuwa kinakijua kitu chake.

Tanzania nako, wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Muhando na Amandina Lihamba, walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983. Walianza kwa kuishi na wanakijiji na kuchambua nao matatizo yao, kisha igizo na ngoma vikatoka humo.

Kwa hiyo gawanyeni mazoezi mara mbili. Kazi ya mwili, hesabu na mpangilio ifanyeni mnakojua, tena washeni redio kwa sauti ya juu mzoee kelele. Halafu nendeni eneo lenyewe, mkiwa na nguo za kawaida, mkapitie hatua kwa nusu nguvu. Watu watauliza. Waambieni ukweli, muwasikilize. Muuza maji atawaambia mahali mlipochagua ndipo lori la vitunguu linaposhusha kila Jumatano. Hakuna ofisi itakayowapa habari hiyo.

Hatua ya tano: gawaneni kazi zisizoonekana

Kwa wachezaji sita, wekeni watu watatu au wanne wasiocheza kabisa. Msemaji anazunguka nje ya duara akijibu maswali, hasa ya wenye biashara. Mwenye karatasi amesimama mahali pamoja panapojulikana, na mfuko wake wa vibali. Polisi au mgambo akija, anayemsogelea ni yeye peke yake, wachezaji hawamwendei. Mlinzi wa vitu anakaa na mabegi na simu. Wa nne anatazama umati tu: watoto walioingia mbele sana, mtu anayesukuma, mkono unaomgusa mchezaji wa kike.

Hilo la mwisho nalisisitiza. Wasichana wetu wanashikwa, wanatukanwa, na mara nyingi kikundi kinawaambia wavumilie kwa ajili ya sanaa. Wasivumilie. Wekeni ishara moja ya mwili, kwa mfano viganja viwili juu ya kichwa. Yeyote akiifanya, wote wanasimama palepale, msemaji anaingia katikati. Ifanyieni mazoezi kama mnavyofanyia mazoezi wimbo.

Mlevi atakuja, mpeni nafasi. Akitaka kucheza, acheze pembeni na mtu mmoja wenu kwa dakika mbili, mara nyingi anatosheka na kwenda kukaa. Ukimsukuma, umati unahamia upande wake.

Mavazi na vitu

Kinshasa kuna wasanii wanaovaa taka za mji: makopo, waya, madoli mabovu, mipira ya kondomu, vipande vya simu, na kutembea nazo mitaani. Eddy Ekete ni miongoni mwa waanzilishi wa njia hiyo, na tamasha la KinAct, lililoanza 2015, limeikuza. Picha zake zinavutia mno, na vikundi vingi vinataka kuiga. Kabla hamjaiga vazi, jueni linavyombebesha mtu. Makopo yanapata moto juani, kingo zinakata, kinyago kinaziba macho ya pembeni. Mvaaji awe na mtu wa kumwongoza hatua mbili mbele, maji ya kunywa kila baada ya muda mfupi, na fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Kila ukingo wa bati ukunjwe na ufungwe solotepu nzito. Na vaeni vitu vya mji wenu: takataka za Tandale si za Kinshasa.

Siku yenyewe

Fikeni saa mbili kabla. Salimieni, mmoja mmoja, kuanzia wale wasio na vyeo. Fagieni eneo, kufagia peke yake kunaanza kukusanya macho. Angalieni kama kuna msiba, mkutano, au lori lisilotarajiwa. Mkiona hali si nzuri, ahirisheni. Kuahirisha kunagharimu nauli tu.

Anzeni bila tangazo. Chora duara, weka kitu katikati. Watoto watakuja kwanza. Wakalisheni chini mbele, watu wazima wataona juu ya vichwa vyao na duara halitabana. Umati ukizidi na kuelekea barabarani, punguzeni muda, malizeni. Mvua ikianza, malizeni kwa tendo la mwisho mlilolipanga, msitawanyike ovyo.

Pesa

Mkiwa mmeandika hamtakusanya, msikusanye. Mkiwa mmeruhusiwa, tumieni desturi iliyopo: kutunza. Watu wetu wanajua kusimama, kucheza kidogo na kumwekea msanii noti. Wanafanya hivyo kwenye taarabu na kwenye ngoma. Wekeni sinia ndani ya duara, ambako wote wanaona, na hesabuni mbele ya kikundi siku hiyohiyo.

Upande wa kutoa, bajeti iwe na fungu la eneo. Kama mmekalia nafasi ambayo mama wa mihogo huweka meza yake, mlipeni kipato cha saa hiyo kabla hamjaanza. Nauli, maji na chakula cha wasanii vitangulie mbele ya fulana na mabango. Nimeona fulana mpya juu ya watu wenye njaa, inaumiza.

Picha na video

Onesho ni la hadhara, lakini sura ya mtu ni yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina ya kwake tangu 2019. Mpigapicha awakabili wachezaji, umati uonekane kwa mgongo au kwa mbali. Mkitaka uso wa mtu, mwulizeni. Mtoto, mwulizeni mzazi. Machinga aliyepanga mahali pasiporuhusiwa anaweza kupoteza meza yake kwa sababu ya video yenu, kwa hiyo pitieni kila picha na swali hilo kabla ya kuirusha.

Baada ya onesho

Okoteni kila kipande, hata ambacho si chenu. Kaeni nusu saa bila kufunga mabegi, kwa sababu maoni ya kweli huja pale: fundi viatu atakwambia hakuelewa kitu, kondakta atakwambia lile tendo la tatu ndilo lilimshika. Yaandikeni kama yalivyosemwa.

Baada ya siku mbili tatu rudini watu wawili, bila mavazi ya onesho, mwulize tu: tuliwasumbua wapi? Biashara ilipanda au ilishuka? Tukija tena mtataka tufanye nini tofauti? Majibu yapelekeni kwa mtendaji pamoja na barua ya shukrani ya ukurasa mmoja, mpate muhuri wa kupokelewa, nakala mwiweke faili moja na kibali. Mkienda kuomba eneo jingine, wekeni nakala hiyo juu ya maombi mapya.